Fundi, kabla uandike "iko sawa" uliza plasi mainasi ngapi

Kuna shafti ya pampu tulichonga hapa Kisumu, mteja alikuwa kiwanda cha sukari, na mchoro ulisema milimita 80 h6, yaani isipite 80.000 na isishuke chini ya 79.981. Nikaipima ikiwa bado kwa mashine, maikromita (kile chombo cha kupimia unene) ikasoma 79.993, nikaandika "iko sawa" nikaweka sahihi. Kesho yake simu ikalia, "Fundi, shafti yako ni nyembamba, sisi tunapata 79.975." Nilikasirika vibaya sana, nikasema hao ndio hawajui kupima, nikapanda boda na maikromita yangu kwa mfuko mpaka huko, nikapima mbele yao. 79.975.

Ilikuwa ni joto. Shafti ilikuwa imetoka tu kuchongwa, ukiiguza unasikia moto, na maikromita ilikuwa imelala kwa droo. Chuma hutanuka kama maikroni 11.5 (maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu) kwa kila mita kwa kila digrii, kwa hivyo kipande cha milimita 80 kikiwa na joto la digrii 20 kuliko maikromita kinanenepa maikroni 18 hivi, na nafasi yote niliyopewa ilikuwa maikroni 19! Kanuni ya kimataifa inataka vipimo viwe vya digrii 20, na kwa mabati ya Kisumu saa nane mchana hiyo sahau, lakini chuma na maikromita ya chuma vikilala pamoja mpaka joto lilingane, kosa kubwa linaisha lenyewe. Aluminiamu hapana, hiyo inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwa hivyo lazima upige hesabu.

Sasa vijana wengi wananiambia "lakini mzee maikromita iko na stika ya kalibresheni," yaani maabara ilishakagua usahihi wake. Sawa, lakini hebu soma cheti chenyewe. Kuna mahali pameandikwa kosa la chombo, na kando yake plasi mainasi, yaani kipimo kinaweza kupotoka juu au chini kiasi gani, mara nyingi na k=2, maana yake ukweli uko ndani ya hapo karibu mara 95 kwa 100. Na hiyo ni ya maabara, penye AC na mtu mtulivu, haijahesabu mkono wako wala vumbi lako.

Ya kwako itafute mwenyewe. Sisi tulichukua shafti moja iliyopoa, tukasafisha midomo ya maikromita kwa karatasi, tukaset zero na ile fimbo ya milimita 75 kamili ya kurekebishia maikromita, halafu mimi nikapima mara kumi, kila mara naitoa na kuirudisha, nikampa mwenzangu naye mara kumi bila kumwonyesha zangu. Tukaunganisha ule mtawanyiko na ya cheti na ya joto, tukafika plasi mainasi 0.004. Iliniuma kidogo, kwa sababu nilikuwa naamini hiyo namba ya tatu baada ya nukta kama neno la mama.

Kwa hivyo hiyo 80 h6 siku hizi naipitisha ikisoma kati ya 79.985 na 79.996 pekee. Wazo ni la ISO 14253-1, kanuni ya kimataifa ya kuamua kipande kipite au kikataliwe: kama hamkukubaliana vingine, anayeuza anabana mipaka kwa ndani kwa ajili ya plasi mainasi yake, na mnunuzi akitaka kukataa lazima kipimo kiwe nje ya mpaka vya kutosha kwa plasi mainasi yake yeye. Wale wa kiwanda walikuwa na haki kabisa, 79.975 hata ukiongeza 0.004 haifiki 79.981.

Ikisoma 79.983 je? Hapo siandiki kitu. Naiacha usiku kucha juu ya meza na maikromita kando yake, napima tena asubuhi mapema kabla jua lishike mabati, na ikibaki palepale nampigia mteja aje na maikromita yake, tuziset zote mbili kwa fimbo moja ya 75 ndio tuanze kuongea.