Barua kwa mwanangu kuhusu Jonah Anguka na kifo cha Robert Ouko

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Mombasa. Sote tu wazima, na mama yako anakusalimu. Barua yako imenifikia, na swali ulilouliza si la kujibiwa kwa simu, ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Umenieleza kwamba ofisini kwenu mlikuwa mkizungumzia mauaji ya Waziri Robert Ouko, na mwenzako mmoja akamtaja Jonah Anguka kuwa ndiye "yule DC aliyemwua Ouko", yaani yule mkuu wa wilaya. Ulipomkumbusha kwamba mahakama ilimwachilia, akacheka na kusema kwamba lisemwalo lipo. Nawe ukaniuliza mambo mawili: ikiwa mahakama ilimwona Anguka hana hatia, mbona jina lake halijasafika mpaka leo, na ikiwa si yeye, ni nani basi aliyeua?

Hili la pili sitalijibu, kwa kuwa hakuna mahakama iliyolijibu, na ukarani wa mahakama nilioufanya hadi kustaafu ulinifundisha kutoandika jina la mtu mahali ambapo hukumu imeacha wazi. La kwanza naweza kulieleza, ingawa lazima nianze mbali kidogo, kwa maana kizazi chenu kimelisikia jambo hili kwa vipande vipande.

Dakta Ouko alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya. Mapema Februari 1990 alirejea nchini kutoka Washington, alikokwenda katika ujumbe wa Rais Moi, kisha akaenda kukaa nyumbani kwake mashambani Koru, karibu na Muhoroni. Usiku wa kuamkia tarehe 13 alitoweka. Mfanyakazi wa nyumbani alieleza baadaye kwamba alisikia kishindo usiku wa manane, na alipochungulia akaona gari jeupe likigeuka kuondoka. Mchana wa siku hiyo hiyo ya tarehe 13, mvulana mchungaji aliuona mwili chini ya kilima cha Got Alila, si mbali na nyumba ile, ukiwa umeungua, na karibu yake pana bastola na dumu la dizeli. Kichwani palikuwa na jeraha la risasi, na mguu wa kulia ulikuwa umevunjika. Serikali iliupata mwili huo rasmi tarehe 16. Zizingatie siku hizo tatu, mwanangu. Mtoto wa kuchunga mifugo alikuwa ameona, majirani wamesikia, ilhali taifa lilikuwa likiambiwa tu kwamba waziri haonekani. Katika uchunguzi wa mauaji, siku tatu za mwanzo ndizo zenye nyayo ambazo hazijakanyagwa, alama za vidole ambazo hazijafutwa, na mashahidi ambao hawajaambiwa na mtu yeyote waseme nini. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya kesi ya Ouko ilipotea hapo, kabla hata mtuhumiwa mmoja hajatajwa.

Polisi walipoanza kuzungumzia uwezekano wa kujiua, watu walikasirika. Jinsi mtu anavyoweza kujivunja mguu, kujipiga risasi ya kichwa na kujichoma moto ni jambo ambalo hata aliyelisema sidhani kama alilisadiki. Palitokea ghasia Kisumu na Nairobi, wanafunzi wakaandamana, na Moi akaomba msaada wa Scotland Yard, wale polisi wapelelezi wa Uingereza. Mpelelezi John Troon aliwasili kabla ya mwezi huo kwisha, akafanya kazi kwa miezi kadhaa na kukabidhi ripoti yake. Mnamo Oktoba 1990 rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Evans Gicheru, ikasikiliza mashahidi hadharani kwa mwaka mzima na zaidi, na magazeti yaliyochapisha ushahidi huo yakawa yanagombewa asubuhi mitaani. Novemba 1991 Troon alirudi kutoa ushahidi mbele ya tume hiyo, na alipobanwa kwa maswali akawataja Waziri wa Nishati Nicholas Biwott na Katibu Mkuu wa Usalama wa Ndani, Hezekiah Oyugi, kuwa ndio aliowashuku zaidi. Tarehe 26 ya mwezi huo Moi akaivunja tume kabla haijatoa ripoti.

Hapa ndipo Anguka anapoingia, nami nakuomba usome polepole. Biwott na Oyugi walikamatwa, wakakaa mikononi mwa polisi muda wa kama wiki mbili, kisha wakaachiliwa kwa maelezo kwamba hapakuwa na ushahidi wa kuwashtaki. Wote wawili walikana kuhusika, na hakuna hata mmoja aliyefikishwa kizimbani kwa kosa hilo. Aliyeshtakiwa peke yake alikuwa Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru. Kumbuka pia hali ya nchi wakati ule. Wafadhili walikutana Paris siku hizo hizo za mwisho wa Novemba wakasimamisha misaada mipya, na Desemba ikafutwa ile ibara ya katiba iliyofanya KANU iwe chama pekee. Serikali ilikuwa imebanwa kila upande, na mauaji ya Ouko yalikuwa mojawapo ya mambo iliyoulizwa kila mahali. Sidai kwamba niliingia katika vyumba ambamo iliamuliwa nani ashtakiwe. Nasema tu kwamba, kwa mtu wa ngazi ya DC, ambaye bosi wake wa juu kabisa kazini alikuwa Oyugi, katibu mkuu yule yule aliyekuwa ameachiliwa, kushtakiwa peke yake kwa kifo cha waziri kulikuwa ni kubebeshwa mzigo ambao hata kwa macho ya kawaida haukulingana na mabega yake.

Wakati huo mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji hakupewa dhamana, na adhabu ilikuwa moja tu, kunyongwa. Kwa hiyo Anguka alikaa rumande kutoka mwishoni mwa 1991. Kesi yake ilianza mbele ya Jaji Fidahussein Abdullah, ikaendelea muda mrefu, kisha jaji akafariki dunia kabla ya kutoa hukumu. Mshtakiwa mwingine angeweza kudhani kwamba mambo yameishia hapo, lakini sheria ya wakati ule haikwenda hivyo: kesi yake ilibidi ianzwe upya. Mashahidi wakaitwa tena mbele ya jaji mwingine, na Anguka akasikiliza kwa mara ya pili yale yale yaliyosemwa dhidi yake. Julai 1994 akaonekana hana hatia, akaachiliwa. Alikuwa amemaliza zaidi ya miaka miwili na nusu kizuizini. Baadaye alihamia Marekani, na huko akaandika kitabu cha kujitetea.

Sasa nije kwenye swali lako hasa. Watu wetu wana neno moja, "ameachiliwa", nao hulitumia kwa mambo ambayo mahakamani ni tofauti kabisa. Yupo anayeachiliwa na polisi bila kushtakiwa. Huyo hajahukumiwa kwa lolote, na kesho ushahidi ukipatikana anaweza kukamatwa tena. Yupo anayeachiliwa kwa sababu upande wa mashtaka umeiondoa kesi. Naye anaweza kurudishwa kizimbani kwa mashtaka yale yale. Halafu yupo ambaye ushahidi wote umeletwa, mashahidi wake na wa serikali wamehojiwa, na jaji amepima akasema kwamba hatia haikuthibitishwa. Huyu wa tatu ndiye Anguka. Mwenzako anamchukulia kama mtu aliyeponyoka kwenye wavu, ilhali katika orodha nzima ya watu waliowahi kutajwa kuhusu kifo cha Ouko, yeye peke yake ndiye ambaye dola ilileta dhidi yake kila ilichokuwa nacho, ikashindwa. Wengine wote wanalindwa na kanuni kwamba kila mtu hana hatia mpaka ithibitishwe, na ni haki yao. Anguka analindwa na kanuni hiyo na hukumu juu yake. Ajabu ni kwamba mdomoni mwa watu mambo yamegeuka kinyume: aliyehukumiwa kuwa hana hatia ndiye anayeitwa muuaji bila kigugumizi, na sababu ni kwamba aliwahi kupigwa picha akiwa na askari ubavuni.

Utaniambia kwamba jaji hasemi "mtu huyu ni safi", anasema tu kwamba haikuthibitishwa. Ni kweli, na hoja hiyo nimeisikia kwa mawakili na kwa wauza kahawa. Lakini fikiria: mtu angethibitishaje kwamba hakuua? Njia pekee ya kusafika kabisa ni muuaji wa kweli kupatikana, na kumtafuta muuaji si kazi ya aliyeachiliwa. Ni kazi ya serikali. Serikali ilipoacha kutafuta, ilimwacha Anguka katika nafasi iliyo wazi, kwa sababu watu hawapendi mauaji yasiyo na muuaji, na jina lililo karibu ndilo linaloshikwa. Methali ya mwenzako ya lisemwalo lipo huwa haina madhara tunapozungumzia posa na ndoa za mtaani. Katika kesi ya mauaji, hiyo ndiyo iliyowapeleka watu wengi gerezani, kwa kuwa shahidi anayesadiki kwamba "lazima kuna jambo" huanza kukumbuka mambo ambayo hakuyaona.

Wala haikuwa mara moja tu katika miaka hiyo. Septemba 1988 Mwingereza kijana, Julie Ward, aliuawa Maasai Mara. Maofisa walisema kwanza kwamba aliliwa na wanyama, na ripoti ya daktari iliyosema mifupa imekatwa kwa kitu chenye makali ikabadilishwa na mkubwa wake. Baba yake hakukubali, akasukuma mpaka ikakubalika kwamba ni mauaji. Baada ya hapo walishtakiwa askari wawili wa mbuga, nao wakaachiliwa mwaka 1992 na Jaji Abdullah, yule yule niliyemtaja hapo juu. Kisha akashtakiwa aliyekuwa mkuu wa askari wa mbuga hiyo, naye akaachiliwa mwaka 1999. Watu watatu wamesimama kizimbani kwa kifo kimoja, na muuaji hajapatikana. Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja utaona mwenendo unaofanana: mwanzoni ushahidi unavurugwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuulinda, shinikizo kutoka nje linakua, na hatimaye anatafutwa mtu wa ngazi ambayo serikali inaweza kuvumilia kumwona kizimbani. Kila anayeachiliwa, faili hurudi kabatini likiwa jepesi zaidi, kwa sababu mashahidi wamechoka, wengine wamekufa, na wengine wamezoea kusema walichosema mara ya kwanza.

Kuhusu Ouko, juhudi ya mwisho yenye uzito ilikuwa kamati teule ya Bunge iliyoundwa mwaka 2003 chini ya mbunge Gor Sunguh. Ripoti yake ilidai kwamba waziri aliuawa katika Ikulu ya Nakuru na mwili ukapelekwa Got Alila. Bunge lilikataa kuipitisha ilipofikishwa mbele yake mwaka 2010. Mimi siitegemei, kwa sababu madai ya kamati hayajapimwa kwa kanuni za ushahidi, na kuitumia ripoti isiyopitishwa kumtia mtu hatiani ni kufanya kosa lile lile tunalolilalamikia. Hata hivyo naweza kukuambia jinsi ilivyosikika mitaani: mara tu neno Nakuru lilipotajwa, watu walisema "si nilikuambia, DC alikuwa wa Nakuru", kana kwamba wilaya nzima ilikuwa chumba kimoja na ufunguo wake alikuwa nao yeye.

Umeuliza pia kama kesi hii imekufa. Kisheria haijafa. Mauaji nchini Kenya hayana muda wa kupitwa, na mkurugenzi wa mashtaka akipata ushahidi leo anaweza kumshtaki yeyote aliye hai. Ugumu uko kwenye uhai wenyewe: Oyugi alifariki mwaka 1992, Biwott mwaka 2017, Moi mwaka 2020, na kila mmoja aliondoka na maelezo ambayo hayakuwahi kukamilika mbele ya tume iliyovunjwa. Mwenzako akirudia maneno yake, usigombane naye; mwombe akutajie shahidi mmoja au kielelezo kimoja ambacho mahakama mbili za 1992 hadi 1994 hazikukisikia. Na akitaka kujua sheria, mwonyeshe Ibara ya 50 ya Katiba, inayokataza mtu kushtakiwa tena kwa kosa ambalo mahakama ilikwisha kumwona hana hatia. Faili la Ouko laweza kufunguliwa juu ya kila mtu, isipokuwa mtu mmoja tu, naye ndiye huyo anayemtaja.

Ni mimi baba yako.