Je, kujiua kumo katika damu yetu?

“Shikamoo mama. Nina miaka 27, naishi Makorora, Tanga. Baba alijiua nikiwa darasa la tano, na baada ya miaka sita baba mdogo naye vilevile. Nyumbani picha ya baba ilitolewa ukutani, umebaki msumari, na jina lake halitajwi. Sasa nimeposwa, nasikia mashangazi wa mchumba wanasema ukoo wetu una mkosi. Nami nitaishia huko? Na watoto wangu je?”

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa ukimya huo wa miaka yote.

Mkosi hakuna, ila historia ya ukoo ina uzito. Tafiti za Denmark na Uswidi zilikuta kwamba aliyefiwa hivyo na ndugu wa damu ana hatari karibu mara mbili ya wengine. Hata hivyo walio wengi mno wenye historia kama yako hawajiui. Huko Denmark walichunguza pia watu waliolelewa na familia nyingine tangu wadogo, wakaona hatari inafuata upande wa waliowazaa. Kifo chenyewe hakirithiwi. Kinachopita kwenye damu ni wepesi wa kushikwa na sonona au maradhi mengine ya akili, na kwa baadhi, kutenda ghafla wanapoumia. Sonona inatibika.

Basi historia hiyo ipeleke kwa daktari wa afya ya akili, hospitali ya Bombo, hata kama leo hujambo. Kwanza muulize mama taratibu: walikuwa na umri gani, walikunywa pombe, walianza lini kujitenga na kukosa usingizi? Ukishika mimba, muuguzi wa kliniki aambiwe mapema, maana baada ya kujifungua sonona hupenya kirahisi na watu huiita uchovu wa uzazi.

Huzuni ikikukaa wiki mbili mfululizo, nenda. Dawa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na wengi huziacha wakipata nafuu tu, ugonjwa ukarudi. Sumu za shamba na dawa zilizobaki zisikae ndani: wazo la kujiua mara nyingi huja kwa wimbi fupi, kisha likapita. Likikujia, usibaki peke yako. Mwite mtu mwende hospitali usiku huohuo.

Mchumba mwambie mwenyewe, kabla hajasimuliwa na mashangazi. Na mwombe mama airudishe picha kwenye msumari wake.