Kwa nini mikate ya Pentekoste ilitiwa chachu?

Swali: Naandaa somo la Pentekoste. Mambo ya Walawi 2:11 inakataza chachu katika sadaka ya unga, lakini 23:17 inaagiza mikate miwili yenye chachu. Je, maandiko haya yanapingana? Na ni kweli mikate hiyo ni Wayahudi na Mataifa?

Jibu: Hayapingani. Soma mstari unaofuata, 2:12: malimbuko yaweza kuwa na chachu mradi yasipande madhabahuni. Ndivyo ilivyokuwa katika Sikukuu ya Majuma, yaani Pentekoste. Mikate ilitikiswa mbele za Bwana, kisha ikawa ya kuhani, moto haukuigusa. Ilikuwa mikate mikubwa: miwili kwa pamoja ilitumia sehemu mbili za kumi za efa, yaani kama lita 4 na nusu za unga, ukichukulia efa kuwa lita 22.

Usiitenge mikate na mganda uliotangulia, yaani fungu la kwanza la mavuno lililotikiswa mbele za Bwana (23:10-11). Mganda ulitolewa mavuno yalipoanza, nafaka kama ilivyokatwa shambani. Shayiri ndiyo huiva kwanza. Mikate ilikuja baadaye, ya ngano mpya iliyokwisha kusagwa, kukandwa, kuumuka na kuokwa. Paulo anamwita Kristo aliyefufuka limbuko (1 Wakorintho 15:20), na huo ndio mganda. Mikate inawafaa zaidi wale 3000 walioamini siku ya Pentekoste katika Matendo 2, watu ambao bado wana chachu ndani yao, yaani dhambi. Ndiyo maana naona mbuzi wa sadaka ya dhambi katika 23:19 hapaswi kurukwa, ingawa wahubiri wengi humruka.

Kuhusu Wayahudi na Mataifa, Walawi haisemi hivyo. Wazo lenyewe lina msingi katika Waefeso 2, ila waliosikia siku ile ya Pentekoste Yerusalemu walikuwa Wayahudi na waongofu, yaani watu wa Mataifa walioingia dini ya Kiyahudi. Kornelio, mtu wa Mataifa, anakuja Matendo 10. Lifundishe kama matumizi, usiseme ndiyo maana ya andiko.

Hesabu ya siku 50 kutoka mganda hadi Pentekoste nayo huwapiga chenga wengi. Siku ya mganda ndiyo siku ya 1. Ukianzia Jumapili, siku ya 50 ni Jumapili. Ukianza kuhesabu kesho yake, utaangukia Jumatatu. Mafarisayo na Masadukayo walibishana kuhusu Sabato ipi ya kuanzia, lakini wote walihesabu 50.

Usifunge somo kwenye mstari wa 21 wa Walawi 23. Wa 22 unaacha pembe za shamba kwa maskini na mgeni.