Viazi vyenye mistari: angalia buse kabla ya kulaumu dawa

Mama, kama mstari mmoja wa viazi umeungua na ukungu na wa pembeni ni kijani, dawa inaweza kuwa nzuri tu. Kinachokosea ni buse, kile kichwa chenye kitundu mwisho wa pompi kinachotoa mnyunyizo. Tia maji matupu kwenye pompi, pulizia juu ya saruji kavu. Ukiona michirizi mizito, buse imeziba ao kitundu chake kimelika. Kinga maji yake dakika moja kwenye kikombe cha vipimo: yakizidi ya buse mpya kwa 10%, itupe. Huku Goma mchanga mweusi wa volkano unasaga kile kitundu haraka, kwa hiyo chuja maji kwa kitambaa. Kuzibua ni kwa mswaki, si waya wala sindano. Mkwaruzo mdogo unapindisha mnyunyizo wote.

Presha ikishuka, mnyunyizo unasinyaa na matone yananenepa. Piga mkono wa pompi kwa mwendo uleule.

Buse bapa, yenye kunyunyiza kama feni kwa pembe ya digrii 80, ikiwa sentimeta 50 juu ya majani, inafunika kama sentimeta 80, lakini kingo zake ni nyepesi: acha mipito ipandane kidogo. Na mankozebu, dawa ya unga ya ukungu, inatuama chini, tikisa pompi.