Kaka yuko gerezani, hofu imebaki na mimi

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 22, nauza nyanya Mwanjelwa. Mwaka juzi kaka yangu na mchumba wake walifungwa miaka 30 kila mmoja. Binti alikuwa anasimamisha bodaboda jioni kama abiria, anawaelekeza vichochoro vya huku Uyole, kaka anawangoja na panga. Vijana wawili walikatwa. Mmoja mkono wa kulia haufanyi kazi tena. Mama yake anauza dagaa soko hilihili, na mjukuu wake akija kununua nyanya najaza sado mpaka zinamwagika. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo nyuma yangu, miguu inaisha nguvu. Mama anasema yule binti ndiye aliyemharibu kaka, na hataki kwenda kumwona. Mimi nampelekea sabuni kwa siri. Nataka nimpigie magoti mama yule, nimwombe msamaha kwa tulivyowafanyia watoto wa watu. – Mdogo mtu, Mbeya*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara jicho linakwama palepale: "tulivyowafanyia". Umeandika *tu*, hukuandika *wa*. Ulikuwepo kichochoroni? Ulijua wanakotoka na zile hela? Kama ulijua ukanyamaza, hayo ni mengine, niandikie tena. Humu siyaoni. Ninayemwona ni binti aliyejipimia kifungo ambacho hakimu hakumpa.

Najua kinatoka wapi. Huku kwetu mtu akiharibu, swali la kwanza ni "wa nani yule?" Aibu hiyo siwezi kukuvua, utatembea nayo sokoni. Panga lile hukulishika wewe.

Magoti usipige. Hebu mfikirie yule mama: yuko mezani anapima dagaa, wateja wamesimama, mara dada wa aliyemkata mwanawe yuko chini analia. Afanye nini? Akuinue? Asipokuinua, soko zima litasema ana roho ngumu. Utakuwa umemwongezea kazi ya kukubembeleza wewe, na nyumbani ana kijana mtu mzima wa kumfungia vifungo vya shati. Mtumeni mtu mzima, baba yako mdogo au balozi wenu, aende kwake jioni aulize tu kama yuko tayari kupokea wageni kutoka kwenu. Akikataa, amekataa. Msirudi wiki inayofuata kujaribu bahati.

Sabuni peleka. Kipande cha sabuni hakimpunguzii hata siku moja, maana kwa unyang'anyi wa kutumia silaha sheria haimruhusu hakimu kushuka chini ya miaka 30. Miaka yote hiyo utakuwa unajificha? Mwambie mama kwamba huwa unaenda, basi. Usimshawishi aje. Na hilo la binti kumharibu kaka, liacheni. Sina shaka kwao binti kuna mama anayesema kaka yako ndiye aliyemharibu mwanawe. (Wanaume wetu huwa wanaharibiwa kirahisi sana, sijui kwa nini.) Mahakama iliwapimia sawa.

La miguu kuisha nguvu ndilo linalonitia wasiwasi. Hicho ni kiwewe, na hakiwashiki waliokatwa tu. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, ulizia kitengo cha afya ya akili, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi: pikipiki ikipunguza mwendo, miguu inaisha nguvu. Watakaokwambia ni mapepo hawatakosekana, Mbeya hii yenye kanisa kila kona. Ukitaka kuombewa, ombewa, ila hospitali uende.

Halafu ile sado. Mtoto akija kesho, mpimie kama unavyowapimia wengine, pokea hela, mpe chenji yake. Bibi yake ni mtu wa soko, anajua sado ya nyanya inavyokuwa, na hizo za ziada anaziona kila zikimfikia.