Je, wanafalsafa wote wa India waliuona ulimwengu kuwa kiinimacho?

Swali: Nimesoma kwamba falsafa ya India huuita ulimwengu maya, yaani kiinimacho. Je, ndivyo walivyofundisha wote?

Jibu: La. Hayo ni mafundisho ya Advaita Vedanta, tawi la "kutokuwa na uwili" la Vedanta (falsafa ya Kihindu inayofasiri maandiko ya Upanishad), aliyoyatetea mwanafalsafa Shankara yapata karne ya 8, na hata yeye hakusema kwamba ulimwengu haupo kabisa, mithili ya pembe za sungura. Ramanuja, mwanafalsafa mwingine wa Vedanta aliyefasiri maandiko yaleyale, alishikilia kuwa ulimwengu ni halisi, nao ni mwili wa Brahman, yaani uhalisi mkuu ulio asili ya vyote. Wanamantiki wa Nyaya, shule nyingine ya falsafa ya India, nao waliutetea uhalisi wa vitu. Dhana uliyoipata imechangiwa na wataalamu wa Ulaya kama Paul Deussen wa Ujerumani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1883 kuhusu Vedanta kilimfuata Shankara, kwa maoni yangu kupita kiasi.