Si Kila Kitu Hutiririka

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa fizikia, kwetu Malindi. Nina programu ya kompyuta inayoiga safari za nyutroni, zile chembe ndogo zinazopasua viini vya atomi, ndani ya kinu cha nyuklia. Kwenye uso unaokata katikati ya kinu inanipa namba mbili: moja kubwa mno, nyingine karibu na sifuri. Maelezo tuliyopewa kwa Kiswahili yanaziita zote mbili "mtiririko wa nyutroni". Je, ni sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si sahihi, na umenitonesha donda.

Hili neno "mtiririko" limenichosha. Harusi ina mtiririko wa shughuli, kaunti ina mtiririko wa fedha, hadithi ina mtiririko wa matukio, na mgeni rasmi akichelewa tunatangaziwa kwamba mtiririko umeathirika. Tulikuwa na ratiba, utaratibu, mfuatano, msururu na mapato. Yote yamezama humo. Sasa na nyutroni maskini zimetumbukizwa.

Kutiririka ni kazi ya maji, machozi na jasho. Kinachotiririka kina kitokako na kiendako. Sijapata kuona chozi likitiririka kurudi jichoni. Namba yako kubwa haina kitokako wala kiendako, na hapo ndipo neno linapokwama.

Njoo Lamu usimame Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale, jioni watu wanapotoka kwa wingi. Piga mstari wa chaki kutoka ukuta hadi ukuta. Tuseme watu mia wanauvuka kwenda Mkomani, na mia wanauvuka kwenda Langoni. Toa hawa kwa wale: sifuri. Je, njia ni tupu? Muulize punda mwenye shehena ya mawe aliyekwama katikati yao. Sifuri hiyo ndiyo mkondo wa nyutroni: walioelekea huku, ukiondoa walioelekea kule. Mkondo una upande. Ile namba yako kubwa, ambayo wataalamu wa nyuklia huiita flaksi, haijali upande. Inahesabu nyendo zote, za anayewahi sala, za anayerudi sokoni, na za yule anayekatiza njia mshazari kwa kuwa ameona mtu anayemdai.

Kwa lugha ya darasani, flaksi ni idadi ya nyutroni katika sentimita moja ya ujazo mara mwendo wake. Au, na ni kitu kile kile, ni jumla ya urefu wa njia zote zilizopitwa ndani ya ujazo huo kwa sekunde moja. Ndiyo maana programu yako, ikitafuta flaksi ya sehemu fulani ya kinu, hujumlisha urefu wa njia humo na kugawa kwa ujazo. Kwenye uso, mkondo humhesabu kila mvukaji kuwa mmoja, kwa alama ya kujumlisha au ya kutoa. Flaksi humgawa mvukaji kwa kosaini ya pembe kati ya njia yake na mstari uliosimama wima juu ya uso, hivyo mwenye kupita mshazari huhesabiwa zaidi ya mwenye kupita wima. Nyutroni zikienda pande zote sawasawa, wanaovuka kuelekea upande mmoja ni robo tu ya flaksi, na robo nyingine inawafuta kutoka upande wa pili.

Mtego ni kwamba vipimo vyao ni sawa: nyutroni kwa sentimita ya mraba kwa sekunde. Ukizipa na jina moja, hakuna kitakachokuonya. Kiini cha urani hakiulizi nyutroni imetoka wapi. Kinapasuka tu, na wingi wa mipasuko hutokana na flaksi. Mwenye kutumia mkondo kupigia hesabu ya joto angetangaza kwamba kinu kimepoa, tena katikati, mahali panapowaka kuliko pote. Mkondo una kazi yake, kukuonyesha ni nyutroni ngapi zinavuja nje.

Asili ya flaksi ni Kilatini, na huko nako ilimaanisha kutiririka, kwa hiyo kosa hatukulianza sisi. Wenye neno wenyewe hawaelewani. Jirani zenu wa Ngomeni walishuhudia setelaiti ya Uhuru ikirushwa mwaka 1970 kwenda kusaka eksirei za angani. Wataalamu wa nyota, wenye setelaiti kama hiyo, wakisema flaksi, yao ina upande, ni ndugu wa mkondo wa watu wa nyuklia.

Nilitamani kupendekeza "mpishano", neno letu, tena lina harufu ya vichochoro. Lakini miale ya nyutroni inayokwenda upande mmoja tu ina flaksi, na humo hakuna anayempisha mwenzake. Basi tuiache "flaksi" kama ilivyo. Wapo watakaonirushia methali ya nguo ya kuazima. Afadhali ya kuazima kuliko shuka moja kujifunika watu wawili wasiojuana.

Katika ripoti yako namba kubwa iite flaksi, ile ya karibu na sifuri iite mkondo. Mkondo ukija na alama ya kutoa usishtuke wala usiifute. Unakwambia wengi wameelekea upande wa pili. Flaksi ikija na alama ya kutoa, kagua programu.